Picha ya Jicho la Baba

Kila mwezi ni yale yale: benchi, foleni, matone ya kupanua mboni, kisha baba aweke kidevu kwenye mashine ya kupiga picha ya ndani ya jicho. Binti yake alikuwa amechoka mpaka basi. Lakini foleni haikumuuma kama jambo moja: tangu mwaka jana mzee hamtazami usoni. Akimsalimia, anageuza uso na kuitikia kama anaongea na ukuta. Ndiyo asante ya kumhangaikia huku na huku!

"Mzee, tazama ule msalaba wa kijani," mpiga picha alisema.

"Msalaba gani, kijana wangu? Kila nikiutafuta unatoweka."

Picha ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta, mpiga picha alimwita binti, akamwonyesha uvimbe katikati ya sehemu ya nyuma ya jicho.

"Maji yamerudi, leo atachomwa sindano tena. Huu ugonjwa wa uzeeni unakula katikati. Anachokitazama moja kwa moja ndicho kinachopotea. Pembeni ndiko anakoona. Kwa hiyo akitaka kukuona wewe, anatazama kando yako."

Binti alikwenda akachuchumaa mbele ya baba yake.

"Nani huyo?" mzee aliuliza, macho yamemwelekea sawasawa.

"Ni mimi, baba."

Mzee akageuza uso taratibu mpaka ukutani, akatulia.

"Sasa mbona unalia, mwanangu?"