Meno ya Kitengela

Kufikia saa nne asubuhi jua la Kajiado lilikuwa limeshachoma nyasi za uwanja wa michezo, na vijana zaidi ya mia tatu walikuwa wamesimama juu ya nyasi hizo miguu mitupu, viatu mkononi. Ndanu Mwanzia alikuwa kwenye mstari mfupi wa pembeni, ule wa wenye taaluma: wauguzi, mafundi wa umeme, wapishi. Mkononi alikuwa ameandikwa nambari 41 kwa wino mzito. Alikuwa amefunga mdomo tangu atoke Kitengela alfajiri, na kila alipovuta pumzi hewa ilipenya ikamchoma meno mawili ya mbele.

Mengine yote alikuwa nayo. Diploma ya uuguzi, leseni ya mwaka huu, barua ya chifu, cheti cha tabia njema. Kimo kilipita, uzito ukapita. Mbio za kilomita tano alikuwa amezimaliza akiwa wa pili kati ya wanawake wote, ingawa wengi wao walikuwa watoto wa juzi. Yeye alikuwa na miaka ishirini na tisa. Tangazo lilisema muuguzi asizidi thelathini, na thelathini angetimiza Novemba. Jeshi lingerudi kusajili makurutu mwaka ujao, likipenda, lakini yeye lisingemtaka tena.

Miaka mitano tangu ahitimu alikuwa hajapata kazi ya kudumu. Kulikuwa na kliniki moja ya Kitengela iliyomwita wagonjwa wakiwa wengi na kumsahau wakipungua. Basi jeshi alikuwa amelipanga jinsi watu wengine wanavyopanga harusi. Kwanza mafunzo ya ukurutu, halafu wodi ya majeruhi, halafu kozi ya nusu kaputi, halafu misheni ya kulinda amani nchi za watu, na mwisho astaafu na cheo chake, ajenge nyumba kule Matasia. Mamake, Kaveke, alishaanza kumwita afande pale jikoni. Ulikuwa utani tu, na Ndanu aliupenda kuliko alivyokubali.

Kijana aliyekuwa mbele yake aligeuka, kiganja kikiwa kimefunika mdomo. Alikuwa fundi wa umeme kutoka Oltepesi, jina lake Koinet.

"Sopa, sista."

"Ipa," Ndanu aliitikia salamu ya Kimaasai.

"Wametoa watu tisa kwa meno."

"Wa hapa?"

"Wa hapa wote. Hawa wametoka mbali wanapita tu."

Kitengela hakuna anayemwuliza mwenzake kwa nini meno yake ni ya kahawia. Ndanu aliletwa huko akiwa na mwaka mmoja. Kakake Muteti aliachwa kwa nyanya yao Kangundo, na mpaka leo akicheka unaona meno meupe pe. Kaveke alidhani amebahatika kupata nyumba karibu na kisima kipya cha mtambo. Kisima hicho kilifunguliwa kwa sherehe. Mheshimiwa alikuja akakata utepe, akanywa glasi moja mbele ya watu, akapanda gari lake akaenda. Baadaye sana walikuja watu wa ofisi fulani, wakajaza maji kwenye vichupa, wakaandika andika, na hawakuonekana tena. Ndanu alikuja kujua jina la ugonjwa wake darasani, chuoni, mwalimu alipoonyesha ukutani picha ya meno yaliyoharibiwa na floridi iliyozidi kwenye maji, na darasa zima likageuka kumtazama yeye.

Jana mchana alikuwa amenunua msasa laini kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye, anayewakataza akina mama wasisugue meno kwa jivu! Alijifungia bafuni akasugua meno mawili ya mbele mpaka mate yakawa mekundu. Ukahawia ulififia kidogo. Alijiona mjinga hata alipokuwa akisugua, na hakuacha.

"Next!"

Koplo aliyeshika kurunzi alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi.

"Fungua. Fungua kabisa. Hii ni nini?"

"Ni floridi, afande. Ni maji ya huku. Ni rangi tu, jino lenyewe liko sawa."

"Sijauliza maji. Hapa mbele umekwaruza na nini?"

Ndanu alitazama chini.

"Nauliza na nini."

"Msasa, afande."

"Msasa! Kama mlango?" Koplo alicheka, wala si kwa ubaya, akamshika kiwiko akampeleka kwenye meza iliyokuwa chini ya hema.

Hapo aliketi Kapteni Wangila, daktari mtu mzima mwenye sauti ya upole. Alimtazama kinywani mara moja tu. Karatasi zake ndizo alizozitazama kwa muda mrefu, moja baada ya nyingine, hata akarudia cheti cha chuo.

"Wewe ni nesi mzuri," alisema.

"Asante, afande."

"Na unajua hii kitu haiambukizi, haizuii mtu kufanya kazi."

"Najua, afande." Kwa dakika hiyo aliamini atapita.

"Hata mimi najua. Lakini fomu inasema meno safi. Haijasema safi, isipokuwa watu wa Kajiado. Na sasa haya mawili umeharibu mwenyewe. Nikikupitisha, wakubwa wataniuliza nilikuwa naangalia wapi."

"Afande, nafasi za wauguzi ni ngapi?"

"Mbili."

"Na zimejaa?"

"Zitajaa."

"Naomba unisaidie, afande. Mwaka ujao nitakuwa nimepitisha umri. Nimebakisha nafasi hii tu."

"Sista, mimi natumwa tu kama wewe." Alizipanga karatasi vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili. Heshima hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. "Koplo, mfute."

Koplo alilowesha pamba kwa spiriti akamsugua mkono mpaka 41 ikatoka, asije akajipenyeza tena kwenye mstari. Halafu akamhurumia. Aliinama chini ya meza, akatoa chupa ya maji kwenye katoni, akampa.

"Kunywa, sista, jua ni kali. Tumekuja na yetu. Hii ya huku tumeambiwa tusiguse."

Kapteni Wangila alikuwa ameshaita mwingine.

Nje, kando ya ua, waliokataliwa walikuwa wameketi kwenye vumbi wakivaa viatu. Koinet alikuwa mmoja wao. Ndanu aliketi karibu naye. Aliona haya, kisha akashikwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua amwelekezee nani.

Kesho yake kliniki ilimwita. Ilikuwa siku ya kupima watoto. Wa kwanza alikuwa wa Nanjala, mama kijana aliyehamia kutoka Bungoma miezi miwili iliyopita. Mtoto alikuwa na miezi saba na uzito mzuri. Alikamata kidole cha Ndanu akakiuma kwa meno mawili mapya, meupe kama maziwa. Yale ya kudumu yalikuwa bado ndani ya ufizi, yakijengwa.

"Uji anakunywa?"

"Sana, sista! Na maji ya kisima nachemsha vile mlituambia. Naacha inatokota mpaka inabaki nusu."

Ndanu aliinua kichwa. Maji yakipungua, floridi haipungui. Inabaki yote kwenye hiyo nusu.

"Usiache yapungue hivyo. Yakitokota, epua. Kuna maji mengine huko kwenu? Ya mvua?"

"Mvua gani, sista?"

"Ya chupa?"

Nanjala alicheka, akidhani ni mzaha.

Ndanu alishika kalamu juu ya kitabu cha kliniki. Yasipochemshwa, kuhara kungemwua mtoto mwezi huu huu. Aliandika: Mama ameshauriwa achemshe maji.

"Asante, sista. Mungu akubariki."

Nanjala aliketi kwenye benchi la ukumbini, akafungua chupa ya maji aliyobeba kutoka nyumbani, akamimina kikombeni. Mtoto alikishika kwa mikono miwili, akanywa yote, akalia aongezewe.