Viondo vya Wanza

Je, wewe umewahi kumpelekea mtu chakula, halafu akakurudishia chombo kitupu? Basi utamwelewa Kamanthe wa Muthetheni.

Mama mkwe wake, Wanza, ndiye aliyeanza. Chuo kikuu cha huko mjini kilipokuwa bado kichanga, alisikia wanafunzi wanalala njaa. Akajaza ndengu kiondo, kikapu chake cha kusukwa, akatia mkanda wake kichwani, akakipeleka hadi jikoni kwao. Tangu hapo kila mavuno familia hiyo ilipeleka. Wanza alipochoka, Kamanthe akashika, na kiondo kimoja kikawa pikapu nzima: viondo vya ndengu, vya mbaazi, vya muthokoi, mahindi yaliyotwangwa mpaka yakang'aa. Hata mwaka wa ukame walipeleka. Wanafunzi wakala, wakasoma, wakawa walimu na madaktari.

Lakini viondo vilirudi vitupu. Na kwao Ukambani, kurudisha chombo kitupu ni kama kumwambia mwenzako asije tena. Wanza alikuwa akikigeuza kiondo, anakitikisa, anacheka: "Labda hilo somo bado hawajalifikia." Akafa bila kuona hata punje ya chumvi. Kamanthe angeweza kusema, lakini kitu cha kuomba hubaki cha kuomba, hakiwi shukrani. Akaendelea kupeleka.

Mwaka huu chuo kikawaita kuwaheshimu. Nzioka, mwana wa Kamanthe, alimwandama mamake njia nzima: leo uwaambie, mama, ama tuache hii kazi. Aombe kisima. Amwombee mjukuu kazi. Jukwaani, mkuu mpya wa chuo, Profesa Loise, mama wa kutoka pande za Kakamega, alimvisha shada, akamuuliza mbele ya watu wote familia ingependa kufanyiwa nini. Kamanthe akajibu kwamba hawadai kitu. Nzioka akafumba macho kama mtu anayeumwa na jino.

Chakula kilipoisha, Profesa alitaka kuwasindikiza mwenyewe. Wakapitia jikoni kuchukua viondo walivyoleta asubuhi. Mpishi mkuu, Mbithi, alikuwa anavikung'uta kwa bidii, anavipanga kimoja ndani ya kingine.

Profesa akasimama. "Mbithi, hivi ndivyo huwa vinarudi?"

"Ndiyo, Prof. Safi kabisa."

"Na wewe ni Mkamba?"

Mbithi akaangalia viatu vyake. Akajitetea polepole kwamba vitu vya chuo haviruhusiwi kutoka.

"Kwetu mamangu angenichapa," Profesa akasema. "Lete hapa."

Akakunja mikono ya koti, akapakia mwenyewe: mikate iliyotoka kwa ovena sasa hivi, sukari, chumvi, mbegu za ndengu kutoka shamba la wanafunzi wa kilimo. Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni wakaona, nao wakaleta vyao: ndizi, machungwa, sabuni. Msichana mmoja akatia nusu paketi ya biskuti, akaomba msamaha kwamba zingine ameshakula.

Nzioka alitaka kubeba. Kamanthe akamsukuma kando, akatia mkanda kichwani, akainuka na kiondo kizito kuliko vyote. Mlango wa nyuma akaukataa. Akapita katikati ya uwanja, wapishi nyuma yake wanapiga vigelegele, mpaka geti kubwa.

Hapo Profesa akamuuliza taratibu: "Mama, kwa nini hukuniambia pale jukwaani?"

Kamanthe akatua mzigo, akapangusa uso.

"Ningesema, mngenipa," akajibu. "Mimi na Wanza tulitaka mtupe bila kuambiwa."