Mwamuzi Aliyelia Vizuri

Tegwen Bebb hakuwa mwanamke wa kumchukia kila mtu. Hakuwa na nafasi. Alikuwa na kikundi cha maigizo cha kuongoza, kuku wa kulisha na goti bovu, kwa hiyo chuki yake yote aliiweka kwa mtu mmoja: Gwyndaf Pugh, mtoto wa marehemu Mama Posta, ambaye London ilimjua kwa jina la Gwyn Treharne kwa sababu Pugh, eti, halikai vizuri kwenye mabango.

Tuseme ukweli, jamaa alifika mbali. Aliondoka kijijini kwetu Blaenhelyg, huku Welisi, akiwa kijana mwenye nywele nyingi na sauti ya kutikisa vioo, akaingia chuo cha uigizaji, na tangu hapo akaanza kufa. Kila filamu iliyotaka Mwelisi wa kufa mgodini, aliitwa yeye. Alikufa kwa moshi, akafa kwa maji, akafa kwa kuangukiwa na mawe huku akimtaja mchumba wake. Alijipaka masizi, akaimba ubeti mmoja, akakata roho, watu wakatoa leso. Na baba yake alikuwa mfuga kondoo ambaye hata makaa ya jikoni aliletewa na lori. Alipochoka kufa akageuka mwongozaji, akatengeneza filamu yake kubwa kuhusu kijiji cha Welisi ambamo watu waliimba hata wakiosha vyombo. Aliipigia picha Ireland, maana mvua ya kwetu, alisema, haipendezi kwenye kamera.

Siku mama yake anazikwa, yeye alikuwa hukohuko Ireland akiongoza tukio la mazishi. Alituma maua. Tegwen, aliyekuwa amemlisha yule mama supu kwa kijiko mpaka mwisho, aliyabeba maua hayo hadi kwenye zizi la kondoo akawamwagia.

Sasa mzee alikuwa amerudi. London ilikuwa imepata vijana wa kufa, wazuri zaidi na wasiohitaji kushikwa mkono kwenye ngazi, naye akagundua ghafla kwamba moyo wake ulikuwa Blaenhelyg siku zote. Akajenga nyumba ya vioo kwenye shamba la baba yake. Akavaa skafu ndefu mpaka kwenye duka la mikate. Kiwelisi kilichobaki mdomoni mwake kilikuwa neno moja, cariad, yaani mpenzi, na alilitumia kwa wanawake, kwa mchungaji wa kanisa na kwa ng'ombe bila ubaguzi.

Yote hayo Tegwen angeyameza. Lakini kamati ilitaka kumpa kikundi.

Kikundi cha maigizo cha Blaenhelyg kilicheza kwa Kiwelisi tu, kila msimu wa baridi, katika ukumbi wa kanisa, na Tegwen ndiye aliyekiongoza tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na kikundi. Ukimnyang'anya hicho, umemwachia kuku na goti.

"Ifor, huyo mtu hajui Kiwelisi," alimwambia mwenyekiti wa kamati, Ifor wa Maziwa, alipokuwa akiweka chupa mlangoni. "Atawaongozaje watu kwa lugha asiyoijua? Atawapigia miluzi kama mbwa wa kondoo?"

"Anaelewa kila kitu. Mwenyewe kaniambia. Ulimi tu ndio umekufa ganzi."

"Ulimi wa Gwyndaf? Ule haujafa ganzi tangu azaliwe."

"Tegwen, dada yangu, punguza wivu. Tumempa kazi ya kuamua shindano la kughani kwenye eisteddfod ya Jumamosi. Kamati itamwona kazini, kisha itaamua papo hapo. Si haki hiyo?"

"Haki tupu," alisema Tegwen, akaingia ndani na chupa yake, akaketi mezani, akaanza kutunga.

Eisteddfod yetu, yaani tamasha la mashindano la kijiji, haina makuu. Watu hushindana kuimba na kughani tangu mchana, kina mama wanamimina chai chumba cha nyuma, na baada ya kila shindano mwamuzi hupanda jukwaani akawaeleza washindani makosa yao mbele ya wazazi wao, wajomba zao na adui zao. Huruhusiwi kumjibu. Atakalosema mwamuzi linapokelewa, hata akikwambia unaghani kama mtu anayeuza samaki. Wengi wetu tuna majeraha ya namna hiyo tuliyoyapata utotoni na bado tunayataja.

Gwyndaf aliketi meza ya mbele, skafu shingoni, macho nusu yamefumbwa. Lilipofika shindano la watu wazima kughani shairi walilotunga wenyewe, Tegwen alipanda wa mwisho. Alilishika goti lake, akanyooka, akamtazama mwamuzi usoni, akaghani kwa Kiwelisi, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye birika za chai:

*Umekufa migodini, mara mia kwa kamera,*
*Hujaingia shimoni, walau kwa kuzurura,*
*Mama yako kaburini, hukumletea sura,*
*Rudi kwako ugenini, tuachie yetu hasara.*

Ukumbi ukaganda. Mke wa mchungaji alishika kikombe hewani. Bwana mmoja nyuma alikohoa, akajuta. Kila mtu aliangalia kisogo cha Gwyndaf, akingoja kiwe chekundu. Tegwen naye alingoja. Akikasirika, basi anaelewa, na atakuwa ameambiwa. Asipokasirika, haelewi, na kamati imeona. Alikuwa ameipiga hesabu hiyo tangu mezani na hakuona mlango wa kutokea.

Gwyndaf Pugh akalia. Hakujificha kwenye leso. Aliacha chozi litoke jicho la kushoto, lile ambalo kamera zililipenda, likateremka taratibu mpaka kwenye kidevu. Akapanda jukwaani. Akaiweka skafu yake sawa kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Nimesikia waghani wakubwa duniani," alisema kwa Kiingereza, sauti ikitetemeka palepale ilipotakiwa kutetemeka. "Leo nimesikia upendo. Upendo wa mama huyu kwa nchi yake, kwa milima yake, na, naomba mnisamehe, kwa watoto wake waliopotea wanaorudi nyumbani."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Wengine walitazama viatu vyao.

"Wa kwanza," alisema Gwyndaf, akachukua kile kifuko kidogo cha hariri chenye utepe ambacho washindi wetu huvishwa, akamvisha Tegwen shingoni. Akambusu mashavu yote mawili. "Cariad," alimnong'oneza.

Tegwen alishuka akiwa na furaha ya kishetani. Alikunywa chai yake kwa utulivu, akala kipande cha mkate wa zabibu, akaingoja kamati itoke. Ilichelewa kidogo tu. Ifor alikuja peke yake, kofia mkononi.

"Sasa," alisema Tegwen. "Umejionea."

"Nimejionea. Haelewi hata neno moja. Sote tumejionea." Ifor aliizungusha kofia. "Lakini Tegwen, ulimwona alivyolia?"

"Nini?"

"Alivyolia. Mke wangu analia mpaka sasa, na yeye ameelewa kila ulichosema! Kuna mtu katika kikundi chetu anayeweza kulia hivyo? Wewe unaweza? Kwa upande mmoja tu?"

"Ifor wa Maziwa. Mmempa kikundi changu mtu niliyemtukana mbele yenu kwa vina, naye akanizawadia?"

"Televisheni itakuja, dada. Kwa jina lake. Kwako haijawahi kuja."

Hilo lilikuwa kweli, na Tegwen alimdharau kwa kulisema. Aliwadharau wote: yule aliyecheka kwa pua akanyamaza, wale waliotazama viatu, mke wa mchungaji na kikombe chake. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia ukweli kwa lugha ya mama zao, kikashangilia chozi.

"Na kuna jambo jingine," Ifor alisema. "Anataka ufungue onyesho lake la kwanza kwa shairi lile lile. Mbele ya kamera."

"Hamjamwambia maana yake?"

"Mwambie wewe kama unaweza."

Tegwen alifikiri. Aliwaza Welisi nzima, kusini mpaka kaskazini, ikimsikia akimwambia Gwyndaf Pugh mambo yake huku mwenyewe ameketi pembeni akitabasamu na skafu. Akakubali, tena kwa moyo mweupe.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa Jumatatu. Gwyndaf aliketi katikati ya ukumbi, kwenye kiti ambacho hakuna aliyewahi kukikalia isipokuwa Tegwen. Tegwen alighani. Alipofika mstari wa mwisho aliutema kama alivyoutema Jumamosi.

"Hapana, cariad," alisema Gwyndaf. "Sijui maneno, nisamehe, Kiwelisi changu kimechoka. Lakini hapo mwisho unafoka. Umefoka mistari yote, masikio yameshazoea. Ushushe. Useme kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yenye maiti."

Hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha Tegwen Bebb katika ukumbi ule. Waigizaji wake walikuwa wamekaa ukutani, nao wakamtazama kuona atafanya nini. Alitaka kuuharibu makusudi, ili mjinga yule aaibike. Lakini mtu aliyefanya kazi hii maisha yake yote hawezi kuuharibu mstari kwa makusudi, mdomo unakataa. Aliushusha.

"Rudi kwako ugenini," alisema polepole. "Tuachie yetu hasara."

Ifor, aliyekuwa mlangoni akila tufaha, aliacha kutafuna. Msichana mmoja ukutani alifuta jicho. Tegwen mwenyewe alimwona Mama Posta kitandani, akigeuza uso dirishani kila gari lilipopita.

Mstari ulikuwa bora. Ulikuwa bora kuliko alivyouandika, na hilo hakumsamehe kamwe.

"Hivyo hivyo," alisema Gwyndaf Pugh kutoka kwenye kiti chake. "Tena, cariad. Kuanzia mwanzo."

Akaanza tena.