Ngolo Nyuma ya Gari

Jumatatu asubuhi gurudumu la nyuma la gari dogo la Ottilia lilitumbukia kwenye ngolo. Hapa Maguu mashimo hayo ya kilimo hupangwa safu kwa safu mtelemkoni ili maji ya mvua yatulie yasibebe udongo, na safu moja ilipakana na uwanja wa nyumba yake. Uwanja ulikuwa mwembamba, gari halikuweza kugeuka. Kila alipotoka, alitoka kwa rivasi.

Wanaume sita walilinyanyua. Zabron, jirani yake, akapangusa mikono.

"Mwalimu, ninyi watu wa Lundo mmezoea mitumbwi. Ziwani hakuna ngolo."

Ottilia alicheka nao. Mumewe, Pankras, hakucheka.

"Funga sensa za rivasi kwenye gari," alisema jioni. "La sivyo gari libaki juu barabarani."

"Na mama?"

"Tutambeba."

Notburga, mama mkwe, alikuwa jikoni akiwasikia. Alivunjika nyonga mwaka jana, na kila Alhamisi alitakiwa hospitali ya Mbinga kwa mazoezi. Kupanda hadi barabarani kwa miguu hakuweza. Mara ya mwisho walipombeba mgongoni, aligoma kwenda kliniki wiki tatu.

"Mimi si gunia la kahawa," alisema kutoka humo jikoni.

Jumanne, baada ya vipindi, Ottilia aliteremka mjini kwa Masoudi, fundi umeme wa magari. Masoudi alimwonyesha sensa nne za duara, ndogo kama vizibo vya soda. Zinapachikwa kwenye bampa ya nyuma, akaeleza. Ukiweka rivasi na nyuma kuna kitu, zinalia. Ukizidi kusogea, mlio unaharakisha.

"Nataka kujaribu kwanza," Ottilia alisema.

"Mwalimu, watu wananunua kwa kusikia tu."

"Nimeshasikia. Sasa nione."

Gari la Masoudi mwenyewe lilikuwa nazo, akampa ufunguo. Ottilia alirudi nyuma kuelekea ukuta, sensa zikalia mapema. Akajaribu kwa pikipiki iliyosimama, zikalia. Akachomeka mpini wa jembe ardhini, zikalia kwa kuchelewa. Kisha akamwomba Masoudi asimame kando ya mtaro na kumwashiria kwa mkono. Gari likasogea hadi tairi likabakiza shubiri moja. Kimya. Akarudia polepole zaidi, kwa upande mwingine. Kimya.

Masoudi alichuchumaa nyuma ya bampa.

"Hizi zinatuma sauti. Ikigonga kitu inarudi. Mtaroni hakuna cha kugonga."

"Kwa hiyo si mbovu."

"Si mbovu. Kazi yake ndiyo hiyo."

"Ningekuwa nakaa mjini hapa, kwenye pikipiki na kuta, ningefunga leo."

"Mke wangu Hasna akisikia nimemwachia mteja ajaribu hadi akakataa, nitalala dukani," Masoudi alisema akicheka.

Jumatano hapakuwa na shule. Ottilia alichukua kamba, akaipima na urefu wa gari, akaifunga fundo, akaupima uwanja. Ili gari ligeuke zilipungua hatua tatu. Hatua hizo tatu zilikuwa ngolo sita, ambazo Notburga alikuwa akizifukua na kuzifunika kwa jembe lake tangu alipoolewa. Maharage yalikuwa yameshavunwa, zilingoja mahindi.

Akaenda jikoni, akapiga magoti.

"Mama, nataka kufukia ngolo sita za pembeni mwa uwanja."

"Hiyo sensa imekataa?"

"Haijakataa. Haioni shimo."

"Watu watasema mkwe wangu amechanganyikiwa. Nani anafukia ngolo?"

"Watasema, mama."

Bibi aliomba ashikwe hadi mlangoni. Aliitazama ile safu kwa muda mrefu.

"Usianze na udongo, utadidimia. Weka mawe, juu yake nyasi, ndipo udongo. Na safu ya chini yake usiiguse. Hiyo ndiyo itapokea maji."

Pankras aliporudi alimkuta mkewe amefukia ngolo mbili.

"Nilisema sensa."

"Nimezijaribu. Zinaona ukuta. Sisi hatuna ukuta."

"Na mahindi ya hapo?"

"Tutayakosa. Mama ameridhia."

"Nilisema pia gari libaki barabarani."

"Ulisema," Ottilia alijibu taratibu. "Nisogezee lile jiwe."

Pankras alimtazama mama yake, aliyekuwa ameegemea mlango. Akavua koti, akasogeza jiwe. Baadaye Zabron akapita, akasimama, akashindwa kuondoka.

"Tangu lini kazi ya ngolo ikafanywa na wawili? Pombe iko wapi?"

"Chai ipo," Ottilia alisema.

"Kwa chai nitabeba madogo tu." Lakini alibeba makubwa.

Alhamisi alfajiri Ottilia alilipitisha gari juu ya kifusi bila abiria. Tairi lilizama kina cha kidole. Akaongeza mawe, akapita tena, likazama kidogo. Mara ya tatu halikuzama.

Notburga alitoka jikoni na fimbo yake, akatembea mwenyewe hadi mlango wa gari. Pankras akasimama nyuma, mkono juu.

"Nyuma kidogo. Kidogo tena. Simama."

Ottilia akakata usukani, pua ya gari ikaelekea barabarani, akapanda mbele kwa mbele. Huko juu alivuta hendibreki, akashuka, akarudi kwa miguu kukagua alama za matairi. Upande wa kushoto udongo ulikuwa umebonyea.

"Hapa ongeza mawe kabla hatujarudi," alimwambia Pankras.

Alipofika kwenye gari, Notburga alikuwa ameshafunga mkanda.

"Twende," bibi alisema. "Wiki tatu nilizogoma zatosha."