Harufu ya Kitunguu

Fundi viatu alikwisha jua kwamba anachezwa shere. Mke wa mtu haendi kusukwa kila mara na kurudi na nywele zilezile. Na hata kama ususi wa siku hizi una miujiza yake, kilemba kingenukaje kitunguu cha kukaanga?

Maana nyumbani kwao hakikaangwi kitu. Tangu mkewe aponee chupuchupu kwenye moto wa kiwanda cha magodoro, ambamo wenzake hawakutoka, fundi alihamishia jiko uani, akawa anapika mwenyewe huku mlango umefungwa, kiberiti akikificha kwenye kopo la misumari. Meza yake ya kazi nayo aliitoa sokoni akaileta barazani, asije akawa mbali mkewe akipiga kelele. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu. Suruali zilimpwaya, na mteja akiwasha sigara, aliyeruka ni yeye, nyundo mkononi. Watu walimwita mume wa mfano, na sifa hizo, tusifichane, zilimkolea.

Sasa haya ndiyo malipo! Mjane wa mtaa wa pili, rafiki wa mkewe, alikuwa na kaka yake pale nyumbani, dereva wa lori, mwanamume wa mabega na vicheko. Fundi aliunganisha moja na jingine, akapata jibu lake, na jibu hilo likamnyima raha.

Siku hiyo mkewe alipoaga kwamba anakwenda kusukwa, fundi aliacha kiatu cha mteja bila kisigino akamfuata, akijibanza kwenye kuta kama mwizi wa kuku. Mke akaingia kwa mjane. Ndani kikasikika kicheko cha mwanamume. Damu ikamchemka fundi, akausukuma mlango kwa bega.

"Shemeji," mjane akasema, "mlango hubishwa hodi, hauvunjwi."

Dereva alikuwa mezani, anamenya viazi. Mkewe alisimama mbele ya jiko, njiti ya kiberiti inawaka mkononi. Alimtazama mumewe, kisha akaisogeza njiti taratibu, moto ukashika. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

Hapo ungetegemea fundi afurahi. Wapi! Alijiona ameibiwa, na uchungu wake ukazidi ule wa wivu.

"Zima! Utaungua!" Akalirukia jiko akalizima mwenyewe. "Umeanza lini mambo haya?"

"Muda sasa. Huyu dada amekaa nami hapa mpaka nikaweza."

"Na mimi? Mimi ninayekesha na wewe, ndiye wa kufichwa?"

Mkewe alivua kilemba, akajifuta jasho. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha fundi zaidi.

"Mume wangu, ule usiku wa kwanza niliolala bila kuota moto, uliniamsha. Ukaniuliza nimeota nini. Nikalala tena, ukaniamsha tena. Ningekuambiaje kwamba napona?"



"Ulilala kimya mno," fundi alisema. "Sikujua nifanye nini."

Akakaa kwenye kigoda, akalia, mbele ya dereva na mabega yake yote. Mjane akamkonyeza dereva, wakatoka nje.

Mkewe akawasha jiko upya. Fundi aliinuka nusu, kisha akakaa.