Uzito wa Unyoya

Noelene Pascoe alipenda kujigamba pale gatini Bundaberg kwamba tangu aolewe hajawahi kumdanganya mumewe. Kisha, kwa kuwa ni mkweli, aliongeza: kwa jambo kubwa. Na ukimkazia macho: kubwa kupita cherehani.

Mumewe Clive alikuwa na ugonjwa mmoja tu, uzito. Si wa mwili wake, huo aliliachia tumbo lijiamulie, bali wa mashua yao ya matanga. Aliibatiza Unyoya, na ili isiliaibishe jina lake akakata mipini ya miswaki, akang'oa milango ya makabati, akavichuna vitabu majalada. Cherehani ya chuma ya Noelene ilikuwa ya kwanza kuhukumiwa.

"Nimewapa masista," Noelene alisema, na Clive akambusu kwa moyo wake wa kujitolea.

Cherehani ilikuwa imelala kwenye shimo la nyuma la mashua, chini ya matanga ya akiba, pamoja na majirani zake: sufuria la chuma na mitungi ya jamu ya rozela, mingi ya kulisha harusi.

Sasa binti yao kule Numea, ng'ambo ya bahari, alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Noelene akaapa: bahari atavuka, ila kushika usukani usiku na mchana, bega limekataa. Anunuliwe nahodha wa umeme, ule mtambo unaoiongoza mashua wenyewe, la sivyo Clive aende peke yake akabadilishe nepi.

Wakaenda dukani. Muuzaji, Tavita, Msamoa mwenye mabega kama mlango, akaweka mezani mikono miwili ya haidroli, ile inayosukuma shikio, ubao wa nyuma unaoigeuza mashua, kwa nguvu za mafuta. Mmoja ulitosha kutwangia vitunguu saumu, mwingine mahindi.

"Yote ni uzito, mzee wangu," Tavita alisema. "Ukiufunga huu mdogo kwenye mashua nzito, utakuongoza siku ya shwari. Upepo ukikaza, unasalimu amri, na mama anarudi kwenye usukani. Unyoya ina tani ngapi?"

"Saba."

"Na mizigo ndani?"

"Mizigo gani? Sisi tunaishi kama ndege. Nipe huo mdogo."

Noelene akakohoa. Akinyamaza, bega limekwisha. Akisema kweli, cherehani imekwisha.

"Mzee, ongeza kidogo," alisema. "Ya unyevu."

"Unyevu! Mashua ya plastiki inanyonya maji?"

"Uzee huo. Mimi mwenyewe si nimevimba miguu?"

Tavita akamtazama mama, akatazama dari. "Kesho si mnapandishwa nchi kavu kupiga rangi? Ile kreni ina mizani."

Kesho yake Unyoya ikaning'inia kwenye mikanda, ikichuruzika maji, na namba ikawaka: tani kumi na ushee.

"Mizani mbovu hiyo!" Clive alifoka.

"Asubuhi imepima boti ya polisi," alisema mwendesha kreni. "Hawajalalamika."

Clive akamgeukia mkewe. "Noelene, kuna vitu vyako humo?"

"Vyangu? Mitungi miwili ya jamu. Mmoja umeshaliwa nusu."

Tavita, aliyekuja kujionea mizani, ndiye aliyemwokoa. "Mzee wangu, saba ni ya kiwandani, kabla ya maji, dizeli, nanga na mnyororo. Wenye mashua wote mnaitaja hiyo. Hata mimi nilizaliwa na kilo nne."

Clive akanuna, akanunua mkono mkubwa. Jioni ile Noelene alikunywa bia yake ya tangawizi kwa raha zote: bega limepona, cherehani imepona. Wapi mkono huo hufungwa, hilo hakuuliza.

Tavita alipokuja mashuani kuufunga, alipita jikoni bila kusimama, akaelekea nyuma.

"Unakwenda wapi?" Noelene alishtuka. "Kunywa chai kwanza."

"Lazima ushikane na shikio lenyewe, mama. Ni huku shimoni."

Kabla hajamzuia, ilikuwa imebaki miguu ya Tavita tu nje. Clive alikuwa amechuchumaa pembeni na spana mkononi, tayari kusaidia.

"Mama Noelene," sauti ikatoka shimoni, "hii cherehani niiweke wapi?"

Clive akaiweka spana chini, taratibu.

"Ah, hiyo," Noelene alisema. "Wale Wamethodisti wamenirudishia."

"Uliniambia masista."