Kengele Yenye Kiraka

Hakuwa na cheti, hakuwa na joho, hakuwa na suti ila ile aliyoivaa siku ya kumwoza binti yake, nayo ilikuwa haifungiki tena tumboni. Jino la mbele la kushoto hakuwa nalo. Hakuwa na kiti kinachozunguka wala kadi yenye jina lake, wala msaidizi wa kuwaambia watu wasubiri kidogo, mkubwa yuko kikaoni. Zaidi ya yote hakuwa na woga wa wasomi. Kwa miaka arobaini na mitano wasomi walikuwa wakimletea sufuria zilizotoboka, na mtu akikuletea sufuria iliyotoboka hana siri tena kwako: unajua anavyopika, anavyosugua, na jinsi anavyosahau kitu motoni akiwa anagombana na mkewe.

Watu walimwita Kiraka, naye aliitika.

Mkwewe alikuwa na vyote hivyo vilivyokosekana. Alikuwa daktari, si wa kutibu bali wa kufukua. Alichimba mashimo, akatoa vipande vya vitu vya kale, akaviandikia vitabu ambavyo wasomaji wake walikuwa madaktari wengine wa mashimo. Siku moja alimpigia simu Kiraka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe."

"Tuna kazi ndogo hapa jumba la makumbusho. Kazi ya fundi tu."

Lile neno "tu" Kiraka alilisikia vizuri. Alichukua mfuko wake wa vifaa akaenda.

Alipelekwa ghalani, chumba kirefu chenye droo kutoka sakafuni hadi darini. Katikati palikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa cheusi, na juu yake vipande saba vya shaba nyeusi, kila kimoja kama kiganja, kila kimoja kimeandikwa namba kwa wino mweupe. Ukutani ulibandikwa mchoro wa rangi, mkubwa kama mlango: kengele kubwa inaning'inia, na chini yake mfalme mwenye taji amenyoosha mkono. Pembeni alikaa mtunza ghala, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiandika lebo na kusikiliza kila kitu.

"Kengele ya kifalme," mkwe alisema, kwa sauti wanayotumia watu wanaojisikiliza. "Ina karibu miaka mia saba. Tunataka utufulie mashavu yaliyokosekana ili isimame siku ya ufunguzi."

"Huyo mfalme aliitwa nani?"

"Jina bado tunalitafiti."

"Jina hamlijui, ila kengele yake mnaijua."

Mtunza ghala alikohoa kikohozi kisicho cha mafua.

"Tazama hapa, baba," mkwe aliendelea, akigusa kipande kimoja kwa ncha ya kalamu. "Nyota nne. Ni nembo ya ukoo wa kifalme. Nimeziandikia sura nzima."

Kiraka hakutumia kalamu. Alikiokota kipande, akakigeuza, akapitisha kidole gumba upande wa ndani. Alipitisha tena, polepole. Ndani palikuwa na bamba dogo la shaba limepachikwa juu ya ufa, limekazwa kwa ribiti nne, misumari mifupi inayogongwa pande zote mbili. Zile nyota za mfalme zilikuwa vichwa vya ribiti. Na yule aliyezigonga alikuwa amezilaza ndani zikawa bapa, kisha akasugua kingo za bamba mpaka kidole hakikwami popote. Hakuna anayejisumbua hivyo ila anayejua kwamba mwiko utapita hapo kila siku.

Kwa miaka arobaini na mitano Kiraka alikuwa amefanya kazi hiyohiyo, kwa namna hiyohiyo. Alisimama kama mtu aliyepewa mkono na mwenzake gizani.

"Hiki ni kiraka," alisema.

Mkwe alitabasamu kama unavyomtabasamia mtoto anayedai mwezi unamfuata. "Baba, kwa macho ya fundi kila kitu ni kiraka."

"Na kwa macho yako kila kitu ni mfalme. Haya masizi yametoka wapi?"

"Jumba la kifalme liliungua."

"Likaungua nje ya kengele tu? Ndani pasafi. Moto ulipiga hodi ukanyimwa ruhusa?"

"Kuna nadharia kuhusu hilo."

"Nadharia ziache. Kengele ikipasuka haitiwi kiraka, mkwe. Ukiitia kiraka italia kama debe. Kengele iliyopasuka huyeyushwa ikasubiwa upya. Kinachotiwa kiraka ni kile kinachotakiwa jikoni kesho asubuhi." Akamgeukia mtunza ghala. "Dada, kwenye shimo hilohilo hamkutoa vitu vifupi vinene, kama vidole gumba vya mtu mnene?"

"Vitatu, fundi," mtunza ghala alijibu kabla Kiraka hajamaliza. "Viko droo ya visivyojulikana. Mimi nilisema—"

"Ulisema nini hakuna aliyekuuliza," mkwe alimkata.

Lakini mwanamke alikwisha kuvuta droo. Kiraka alichagua kimoja, akakiweka kwenye kovu la mviringo la kipande kingine, pale ambapo kitabu cha mkwe kilisema ndipo palipokuwa na sikio la kuning'inizia. Kilikaa. Hakikuyumba. Kisha Kiraka alikwenda ukutani, akabandua mchoro, akaupindua juu chini na kuushikilia hapo. Kengele ikawa sufuria, mdomo wazi juu. Kilichobaki kukosekana ni miguu mitatu na kuni. Mfalme alikuwa amesimama kwa kichwa, miguu hewani, taji chini.

Mtunza ghala alicheka mpaka akavua miwani.

Asiyejua maana haambiwi maana. Mkwe alimpokonya mchoro wake, akaubandika ulivyokuwa, akaulainisha pembe kwa vidole. "Inafanana tu," alisema. "Alhamisi ijayo vipande vinaingia kwenye tindikali, uchafu wote utoke. Lile bamba la ndani litang'olewa, linaharibu mwonekano. Wewe tufulie mashavu."

"Ukisugua masizi na kung'oa kiraka, kitabaki nini cha kusema ukweli?"

"Baba, mimi nina shahada tatu."

"Nazo hazijaziba tundu hata moja. Mashavu sifui."

"Tutatafuta fundi mwingine."

"Mtafuteni. Mjinga hatafutwi mbali."

Kiraka alirudi kwenye kibanda chake cha kazi, akanawa mikono, akakaa kuandika barua kwa mwenyekiti wa bodi ya jumba la makumbusho. Aliandika kwa siku mbili. Aliandika kuhusu masizi, bamba, ribiti na miguu mitatu iliyomo droo ya visivyojulikana. Aliomba tindikali izuiwe. Aliomba lebo isomeke hivi: sufuria ya kupikia, ilipasuka, ikatiwa kiraka na fundi hodari. Aliongeza kwamba kiraka hicho ni kazi safi kuliko kitabu kilichoandikwa juu yake, kwani kiraka kilizuia mchuzi usimwagike, na kitabu hakijazuia chochote.

Jumamosi asubuhi binti yake aliingia kibandani bila kubisha hodi. Alikuwa mwanawe wa pekee. Tangu mama yake afariki, Kiraka alikula kwake kila Jumapili, na hiyo ndiyo siku pekee ya wiki aliyokula na watu.

"Baba, nasikia unaandika barua."

"Umesikia vizuri."

"Mkuu wa idara anastaafu. Mume wangu anangoja nafasi hiyo, na kitabu kiko kwa mchapaji. Barua ikifika, nafasi hana." Alivuta pumzi. "Ikifika, usije kwangu Jumapili. Sitaweza kuwaweka meza moja."

Kiraka alishika koleo, akaliweka chini, akalishika tena. Kumtukana mkwe ni kazi rahisi. Meza ya Jumapili ni jambo jingine.

"Ulikuwa na miaka tisa ulipoanza kunivutia mvukuto hapa," alisema mwishowe. "Kitabu chake ulikipiga chapa wewe. Ulipoiona picha, ulisema nini?"

"Nilisema kengele nzuri."

"Na moyoni?"

Binti alitazama sufuria zilizorundikana mlangoni. "Moyoni nilisema, hii sufuria imepinduliwa."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia mara moja."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza akiolojia nimesomea chuo gani." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Halafu akaniambia nirudi kwenye ukurasa wa arobaini, nimekosea nafasi kati ya mistari."

Kiraka aliliweka koleo chini. Kudharauliwa yeye alikuwa amekuzoea, kama alivyozoea moshi. Hili lilikuwa jingine.

"Mume wako ni debe," alisema. "Tena debe tupu."

"Ni debe langu, baba, acha nilipige mwenyewe. Lete hiyo barua."

Alisoma kurasa zote tatu akiwa amesimama, midomo ikicheza kama mwalimu anayesahihisha.

"Umemwita mpumbavu mara tatu."

"Nne. Moja iko nyuma ya ukurasa."

"Futa zote."

"Zote? Niache moja basi, ya heshima."

"Hata moja. Bodi ikiona matusi itasema ni ugomvi wa kifamilia, na vipande vitaingia kwenye tindikali. Na hapa umekosea. Kiraka kiko kipande namba nne, umeandika tano. Namba hizi nilizipiga chapa mara sita, nazijua kuliko yeye. Ukikosea namba moja watakushika hapohapo."

Alivuta kigoda akakaa karibu na baba yake, akamtajia vipimo kutoka kichwani kimoja baada ya kingine, naye Kiraka akanakili barua upya kwa mwandiko wake ulionyooka. Wapumbavu wanne walitoka. Wa mwisho alitoka kwa shida.

"Atajua nilikuwa hapa," binti alisema. "Vipimo hivi haviko popote ila kwenye kitabu, na kitabu hakijatoka."

"Utamjibu nini?"

"Nitamwambia nimesomea kwenye mvukuto."

"Na Jumapili?"

"Njoo. Asipotaka kula, utakula fungu lake."

Posta hufungwa saa saba mchana siku ya Jumamosi. Walifika zikiwa zimebaki dakika kumi. Karani wa dirishani, kijana mwenye kucha ndefu ya kidole cha mwisho, alitazama anwani, kisha akamtazama Kiraka kuanzia viatuni.

"Mwenyekiti wa bodi? Mzee, una uhakika?"

"Wewe piga muhuri, mwanangu. Uhakika ninao wa kutosha, naweza kukugawia."

Binti alipaka gundi kwenye bahasha, akaikunja, akaibana kwa kiganja juu ya meza ya dirisha mpaka akahesabu kumi. Kisha akaisukuma chini ya kioo. Karani alipiga muhuri, akaitupa kwenye gunia la barua za haraka, akalifunga kamba shingoni.